Mizinga ya Nyuki na Tembo: Jinsi Kazi ya Uhifadhi Inavyopimwa

Wachungaji wanaotumika katika sharika zinazopakana na hifadhi za wanyamapori wanaifahamu vema ile asubuhi ambapo mkulima hufika kueleza kwamba tembo wamemaliza shamba lake la mahindi kwa usiku mmoja. Mara nyingi haji kuombewa tu, bali anauliza afanye nini. Washauri hawakosekani: mmoja husema yapigwe madebe, mwingine pilipili zichomwe, mwingine itundikwe mizinga ya nyuki. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi wanasayansi wanavyopambanua ni lipi kati ya hayo lifaalo kweli. Jambo hili latuhusu, kwa kuwa tunaombwa ushauri na pengine sadaka za usharika hutumika, na anayelipa gharama ya ushauri mbaya ni yule mkulima.

Upimaji wa namna hii haujawa na miaka mingi katika uhifadhi. Mwaka 2004 mtaalamu Mwingereza William Sutherland na wenzake walichapisha makala wakionyesha kwamba watu wa uhifadhi walikuwa wakiamua kwa mazoea na kwa masimulizi ya wenzao kuliko kwa matokeo ya utafiti. Walitaka uhifadhi ufuate njia ya udaktari, ambamo dawa haikubaliwi kwa sababu tu mgonjwa mmoja aliinywa akapona. Huenda angalipona hata bila kuinywa.

Huko huko Uingereza palikuwa na mfano wa kusikitisha. Nyaya zilitandazwa juu ya barabara kuu ili popo wazifuate na kuvuka wakiwa juu, wasigongwe na magari. Wazo lilipendeza na fedha zilitolewa. Watafiti wa Leeds walipokwenda kuwahesabu popo hao, walichapisha mwaka 2012 kwamba wengi waliendelea kuvuka katika njia zao za zamani, chini, kwenye kimo cha magari. Hata hivyo madaraja ya popo ya namna hiyo yaliendelea kujengwa. Tusiwacheke. Sisi tuliotumika sharikani tumeandika taarifa nyingi za miradi tukihesabu semina zilizofanyika na miche iliyogawiwa, bila kurudi kutazama ni mingapi iliyokuwa hai baada ya kiangazi.

Turudi kwa tembo. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humwuma kando ya macho na ndani ya mkonga. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya nchini Kenya: waliziwekea familia za tembo sauti iliyorekodiwa ya nyuki waliochokozwa. Katika muda wa sekunde 80, familia 94 katika kila 100 zilikuwa zimeondoka. Msomaji aweza kudhani jambo limekwisha, lakini sivyo. Pengine tembo wangalikimbia sauti yoyote ngeni itokayo kichakani. Ndiyo maana familia nyingine ziliwekewa sauti isiyo ya nyuki, na katika hizo zilizoondoka zilikuwa 27 tu katika kila 100. Thamani ya jaribio zima imo katika tofauti ya hesabu hizo mbili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kulipeleka jambo hilo shambani. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, hata tembo akiusukuma waya huo, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Kaskazini mwa Kenya, katika jamii ya Waturkana, mashamba 34 yalifuatiliwa kwa miaka miwili: 17 yalizungushiwa mizinga na 17 yalikuwa na ua wa miiba kama ilivyo desturi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya mara 32 tembo walipofaulu kuingia mashambani, ni mara moja tu walipopita penye mizinga.

Hapa yatupasa kutulia kidogo, maana mafanikio hayo yana upande wa pili. Baadhi ya tembo walioukuta ua wa mizinga waliufuata mpaka wakapata penye miiba, wakaingia hapo. Basi mwenye mizinga aliokoka, na jirani yake je? Anayehesabu mashamba yenye mizinga peke yake ataandika ushindi, ilhali njaa imehamia nyumba ya pili. Kwa maoni yetu hili ndilo swali ambalo mchungaji ana haki kuliko wote ya kuliuliza, kwa sababu wote wawili ni washarika wake.

Tena hesabu ya miaka miwili haitoshi. Huko Sagalla, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki, ua wa mizinga ulifuatiliwa kwa miaka tisa, na taarifa ikatolewa mwaka 2024. Kwa wastani, tembo 76 katika kila 100 waliokaribia walizuiwa. Lakini ukame wa mwaka 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa takriban robo tatu, na athari hiyo ilidumu miaka mitatu. Mzinga usio na nyuki haumzuii tembo, wala hautoi asali ya kuuza. Kwa hiyo mkulima akiuliza kama mizinga inafaa, jibu la kweli ni kwamba inafaa sana pale ambapo nyuki wana maua na maji, na kwamba katika mwaka wa ukame asiitegemee peke yake.

Usharika ukikusudia kuanza mradi kama huo, inafaa wazee wa kanisa waanze kuandika katika daftari msimu mmoja kabla ya mzinga wa kwanza kutundikwa: ni usiku gani tembo walikuja, waliingia shamba la nani, na waliharibu kiasi gani. Mashamba yatakayobaki bila mizinga nayo yaandikwe katika daftari lilo hilo, msimu kwa msimu, hata mwaka ambao hakuna mfadhili anayeuliza habari zake.