Kuirudisha Zebaki Jiweni

Kipimajoto kikivunjika katika maabara ya shule, mwalimu mzoefu haokoti matone ya zebaki kwa vidole. Huyanyunyizia unga wa salfa, ile ambayo wazee waliiita kiberiti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti. Kinachoanza hapo sakafuni ndicho hufanyika pia kwenye mitambo ya majitaka: zebaki na salfa zikikutana hung'ang'aniana, na kuzitenganisha ni kazi.

Metali nzito haziozi. Kinyesi huliwa na bakteria, lakini risasi itabaki risasi na kadimi itabaki kadimi hata miaka elfu ipite. Mtambo hauwezi kuziangamiza. Unaweza tu kuzitoa majini. Fundi humimina sodiamu salfaidi, maji hugeuka meusi, mashapo hutuama, kisha huchujwa. Kipimo kinataka uangalifu: salfaidi ikizidi, sehemu ya zebaki huyeyuka tena; na maji yakiwa na asidi, hutoka gesi inayonuka mayai viza, nayo huua. Kromi haina habari na salfaidi. Yenyewe hutaka chokaa.

Tope hilo liende wapi? Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini hadi 1968. Baadaye matope ya ghuba yalivutwa na kufukiwa nyuma ya kuta za chuma, kazi iliyokwisha 1990. Juu yake leo ni hekta 58 za ardhi mpya, na sehemu yake ni bustani. Panapendeza, lakini zebaki ingali chini ya nyasi, na chuma kikikaa baharini hushika kutu.

Mimi naona Wajerumani wamelitafuta jibu mahali pake. Zebaki iliyokuwa ikitumika katika viwanda vya klorini huchanganywa na salfa hadi iwe unga mwekundu, zinjifuri ileile iliyochimbwa Almadén, Hispania, kwa takriban miaka 2,000 ili kupata zebaki. Ilitolewa jiweni, sasa inarudishwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2017 inataka igeuzwe hivyo kabla ya kuzikwa moja kwa moja.

Makaburi yake ni migodi ya chumvi. Ule wa Herfa-Neurode, Ujerumani, umekuwa ukipokea taka zenye sumu tangu 1972, mamia ya mita chini ya ardhi. Ukavu wake hauhitaji kipimo kingine: maji yangekuwa yakipita humo, chumvi yenyewe ingekwisha kuyeyuka zamani.