Mlima haujui cheo

Tarehe 3 Aprili 1996 ndege ya jeshi la anga la Marekani ilipiga mlima karibu na Dubrovnik, katika Kroatia. Watu wote 35 walikufa, pamoja na Ron Brown, waziri wa biashara.

Kulikuwa mawingu na mvua. Njia ya kushukia iliomba vyombo viwili vya redio vya kuonyesha uelekeo. Ndege ilikuwa na kimoja tu. Ikapotea upande wa kushoto. Wakubwa walikuwa hawakuzuia njia ile, ingawa wataalamu wao hawakuikagua.

Mfanyakazi, taa yako ikiwa mbovu, mwambie kapita mbele ya kushuka mgodini. Haraka ya mkubwa haitengenezi chombo. Mke na watoto wanakungojea nyumbani.