Fahamu: Ziwa Tanganyika lina faida gani kwa Lubumbashi?

Shaba ya Katanga, eneo la Kongo lenye jiji la Lubumbashi, hutoka zaidi kwa malori, kupitia Kasumbalesa mpakani na Zambia. Ipo njia nyingine: treni ya SNCC, shirika la reli la Kongo, hadi Kalemie, meli kuvuka ziwa hadi Kigoma nchini Tanzania, kisha reli hadi Dar es Salaam. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na Kalemie mwaka 1915. Leo uchakavu wa reli upande wa Kongo huchelewesha mizigo.

Nani wengine hulitegemea ziwa hili?
Burundi, isiyo na bahari, hupokea bidhaa Bujumbura. Zambia hutumia bandari ya Mpulungu.

Na samaki?
Dagaa na mikebuka hulisha nchi zote nne zinazopakana na ziwa: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kwa kuwa samaki wamepungua, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili wazaliane.