Maji ya Mlimani Hutoka Wapi?

Wako wanachama wengi katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro wanaoamini kwamba maji ya mito yetu hutokana na barafu ya Kibo. Kwa kuwa barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, baadhi yao wamekata tamaa, wakisema mito itakauka hata tukifanya nini. Imani hiyo yafaa isahihishwe.

Kilimanjaro ni mlima wa volkano wenye vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo, ambacho kimo chake ni meta 5,895. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Zikifika mlimani hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Mvua kubwa kupita zote hunyesha katika ukanda wa msitu, kwenye kimo cha meta 2,000 na zaidi, ambako kwa mwaka hupatikana takriban milimita 2,000. Tambarare iliyo chini ya mlima haipati hata nusu ya kiasi hicho. Kileleni nako hufika mvua kidogo sana, maana mawingu huwa yamekwisha kumwaga maji yake chini. Basi mchango wa barafu katika mito ni mdogo mno.

Mvua ya msituni haiteremki yote kwa mara moja. Majani na mizizi huipunguza kasi, ikapenya katika udongo na miamba yenye nyufa, kisha hujitokeza polepole katika chemchemi, na kuijaza mito na mifongo hata wakati wa kiangazi. Msitu ukifyekwa, mvua ile ile huteremka kwa mafuriko na kuchukua udongo, nazo chemchemi hupungua.

Maji hayo ndiyo tunayoyatumia nyumbani, vihambani, na katika kumenya na kuosha kahawa. Kwa hiyo makatibu wanaombwa kulieleza jambo hili katika mikutano ya vyama. Wanachama wakumbushwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za uharibifu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Penye chemchemi ipandwe miti ya asili, wala si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Kuirudisha barafu hatuwezi, lakini kuulinda msitu ni kazi iliyo ndani ya uwezo wetu.