Kuotesha Mkojo: Dawa Gani Inaua?

Mgonjwa akiambiwa atoe mkojo "ukaoteshwe", wengi hapa Kinondo hushangaa: kwani ni mahindi? Naam, ni karibu na hivyo. Vijidudu hupandwa kwenye sahani yenye aga, rojo lililoganda litokanalo na mwani (si huu wa Kibuyuni, ni aina nyingine). Juu yake huwekwa vikaratasi vyenye antibayotiki mbalimbali, na sahani hulazwa usiku kucha kwenye joto la digrii 35. Asubuhi mpimaji huchukua rula na kupima duara tupu kuzunguka kila kikaratasi. Duara likifikia kipimo cha dawa hiyo, inaua. Likipungua sana, imeshindwa.

Taabu iko hapa. Aga yatakiwa iwe na unene wa milimita 4. Ikizidi, au vijidudu vikipandwa vingi mno, au vikaratasi vikishinda nje ya friji, duara husinyaa na dawa nzuri huonekana mbovu. Aga nyembamba ni hatari zaidi: dawa iliyoshindwa huonekana nzima, na mgonjwa hupewa hiyo hiyo.

Nasi tuna sehemu yetu. Toeni mkojo kabla ya kumeza kidonge chochote cha dukani, na ufikisheni upesi. Ukishinda juani ndani ya matatu, vijidudu huzaana humo na majibu hupotoka. Aliyekwisha kumeza amtajie mpimaji jina la dawa.