Mshale unaouona wewe peke yako

Kwa nini zebra barabarani inafanya kazi? Si kwa ajili ya rangi yake. Ni kwa sababu wewe unaiona, dereva anaiona, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake ameiona. Shika hilo, tutalihitaji.

Kuna barabara zilizoondolewa alama makusudi. Mhandisi wa Uholanzi Hans Monderman, aliyefariki mwaka 2008, aliamini kwamba taa na vibao vingi vinawafanya watu waache kuangaliana. Kwenye mji wa Drachten aliondoa alama hizo, akaacha madereva, waendesha baiskeli na watembea kwa miguu wapishane kwa kutazamana. Aliwaonyesha wageni kwa kuingia barabarani kinyumenyume huku akiongea, na magari yakampisha. Hizi ndizo barabara za pamoja.

Sasa, kutazamana kunahitaji macho. Asiyeona hawezi kumwangalia dereva, na ukingo aliokuwa akiupapasa kwa fimbo umesawazishwa. Malalamiko ya aina hiyo yalichangia serikali ya Uingereza, mwaka 2018, kuzitaka halmashauri zisitishe kwanza miradi hiyo kwenye barabara zenye magari mengi. Na gari linalojiendesha je? Hapo hakuna hata dereva wa kumtazama.

Ndipo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leibniz Hannover, Ujerumani, wakaanza kujaribu miwani ya uhalisia ulioongezwa. Ukiivaa unaona barabara kama kawaida, ila juu yake kompyuta inachora mshale, njia, au taa nyekundu ambayo haipo. Kamera na vihisi vya mwendo hufuatilia kichwa chako kimeelekea wapi, ili mchoro ubaki palepale chini hata ukigeuka.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Gari la kilomita 30 kwa saa husogea zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo mfumo ukichelewa sekunde 0.2 tu, gari limeshasogea zaidi ya mita moja na nusu. GPS ya simu nayo hukosea mita kadhaa: inaweza kudhani uko pembeni, kumbe uko katikati ya njia. Haya yanapungua vifaa vikiboreshwa.

Tatizo la pili halipungui kwa vifaa peke yake. Miwani ikikuchorea mshale wa kijani, unauona wewe tu. Dereva hana habari. Ni zebra ya mtu mmoja! Mbaya zaidi, ukishauamini mshale unaacha kumwangalia dereva, jambo lilelile alilolihofia Monderman.

Kwa hiyo mimi naona mpangilio uwe hivi: gari na miwani viwasiliane kwanza, gari likubali kupunguza mwendo, ndipo kijani kiwake. Kama gari halijajibu, miwani ionye tu: "gari kushoto". Isitoe ruhusa kamwe. Kwa asiyeona, onyo liwe sauti au mtikisiko mkononi. Na asiye na miwani abaki na haki ileile ya kupishwa, maana barabara ni ya wote.

Siku ukiletewa miwani ya hivyo, uliza swali moja: huu mshale, dereva naye anaujua?