Nambari kichwani mwa bolti hubainisha uthabiti wake

BOLTI mbili zinaweza kulingana kwa unene, urefu na hata kufunguliwa kwa spana moja, ilhali moja ina nguvu maradufu ya nyingine. Tofauti hiyo haitambuliki kwa mng’aro, bali kwa nambari zilizopigwa chapa kichwani.

Kulingana na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), bolti za chuma za kipimo cha milimita hutiwa alama kama vile 4.6, 8.8, 10.9 au 12.9. Alama hizo hazihusu ukubwa. Ukubwa hutajwa kwa herufi M, ambapo M10 ni bolti yenye unene wa milimita 10.

Nambari ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonyesha nguvu za kuikata bolti kwa kuivuta, zikipimwa kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Ya pili hueleza ni sehemu ngapi kati ya kumi za nguvu hizo ambazo bolti itahimili kabla ya kurefuka bila kurejea hali yake. Hivyo, bolti ya 8.8 hukatika kwa nyutoni 800, lakini huanza kurefuka ikifikia 640.

Kwa bolti za M10, ya 4.6 huhimili takriban tani 2.4 kabla ya kukatika, nayo ya 8.8 takriban tani 4.7. Fundi akiondoa ya 8.8 kwenye breki au usukani na kutia ya 4.6, amepunguza uthabiti kwa nusu, ingawa imekaza sawasawa.

Bolti zisizoshika kutu huwa na alama kama A2-70 au A4-80. Herufi na tarakimu inayofuata hutaja aina ya chuma, na 70 humaanisha nyutoni 700. A4 huwa na madini ya molibdenamu yanayoikinga dhidi ya chumvi, hivyo huwafaa wenye mashua na majengo ya pwani. Hata hivyo, A2-70 huanza kurefuka kwa nyutoni 450, na haifai kuchukua nafasi ya 8.8 kwa sababu tu inang’aa.

Sumaku pia husaidia. Hunasa vilivyo chuma cha kawaida, lakini haivuti A2 na A4, au huzivuta kidogo tu. Rangi ya manjano nayo ni ya kuzuia kutu, wala si ithibati ya nguvu.

Mistari mitatu au sita kichwani ni alama ya mfumo wa Marekani wa inchi, ambao hesi zake hazioani na za milimita.

Mnunuzi anashauriwa kwenda dukani na bolti kuukuu, atafute alama ile ile, na achukue nati inayolingana nayo: ya 8 kwa bolti ya 8.8, ya 10 kwa 10.9. Bolti kubwa isiyo na alama haipaswi kuaminiwa mahali panapobeba uhai wa watu.